Mengineyo: Eleza

Kidole chake kilikuwa kimeshaingia chini ya mdomo wa bahasha pale mkono wa mwanamume ulipokuja ukatua juu yake. Mkono mkavu, wenye doa la wino wa zambarau kwenye kidole gumba.

"Dada, ukichana hiyo umechana mwaka mzima."

Ukumbi wa Baraza la Leseni ulikuwa umefurika tangu asubuhi. Madaktari wa meno, wafamasia, wauguzi, wapima macho, kila mmoja kakumbatia faili lake kifuani kama anayembembeleza mtoto mwenye homa, na juu yao feni moja ikizunguka kwa uvivu wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Katika umati huo wote wa wasomi hakuna aliyekuwa na hadhi. Hadhi ilikuwa ya dirisha namba tatu.

"Kaka, bahasha ni yangu," alisema yule dada bila kuinua uso. "Jina langu hilo hapo."

"Jina ni lako, bahasha ni ya Baraza. Chuo chako kimefunga matokeo yako humo, kikapiga mhuri juu ya mshono. Ukiukata mhuri, hata uwe na alama za malaika, pale dirishani watasema umejiandikia mwenyewe jikoni ukisubiri maji yachemke."

"Nilitaka tu kuhakikisha kwamba ni mimi niliyemo."

"Umo. Uso uliochoka hivyo hauwezi kuwa wa kughushi."

Alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Ilikuwa imetangulia kulala. Akajikuta anacheka, na kicheko kikamshangaza, maana walikuwa hawajaonana siku nyingi.

Alikuwa mkunga. Tuseme kweli: alikuwa mkunga kwa mujibu wa chuo kimoja cha ng'ambo kilichomfundisha miaka minne na kumpa cheti chenye nembo ya dhahabu. Kwa mujibu wa Baraza alikuwa mwanamke mwenye karatasi. Bahasha ile aliisubiri miezi mitano. Usiku alilala sebuleni kwa dada yake, kwenye kochi fupi kuliko yeye, na mchana alipiga deki wodi ya wazazi katika kliniki moja, ambako wenye leseni walimwita "yule wa usafi." Siku hiyo alivaa gauni lake pekee la heshima, la buluu, na chini yake viatu vya mpira vya kazini, kwa sababu vile vizuri vilimkataa asubuhi kwenye ngazi, kimoja kikabaki bila kisigino.

Mwanamume naye hakuwa picha ya kalenda. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, tai iliyokazwa mpaka ungedhani ana kesi nayo. Lakini alikuwa na macho yaliyosikiliza. Alimngoja mpaka bahasha ikapokelewa dirishani ikiwa bikira, kisha akamwambia ng'ambo ya barabara kuna mahali panauzwa chai ya kuamshia wafu.

"Unafanya kazi pale Barazani?" mkunga alimuuliza mbele ya kikombe.

"Ghorofa ya tatu. Kwenye mafaili."

"Kumbe karani."

Mwanamume alifungua mdomo, akaufunga. "Mafaili," alirudia, akapuliza chai.

Basi akawa Karani, na yeye akawa Bahasha. Karani akamwandikia namba ya simu nyuma ya kikaratasi cha foleni, na chini yake akatia saini yenye mkia mrefu kama wa panya anayekimbia.

"Unatia saini namba ya simu?"

"Mazoea. Nisipotia saini nahisi sijasema kitu."

Tangu siku hiyo simu ilikuwa ikilia saa saba kamili mchana. Mkunga aliipokea kwenye stoo ya mashuka, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja nje ya kiatu.

"Bahasha wangu, umekula?"

"Nimekula mkate. Wewe?"

"Nimekula vumbi. Leo kuna bwana kaleta cheti alichokifunika plastiki, nembo haishikiki, mhuri hauguswi. Nyuma kaandika: kwa usalama zaidi."

"Maskini. Na nyinyi?"

"Tumemwambia arudi chuoni akaombe kingine. Kalia, mtu mzima na ndevu zake."

"Mna roho za kutu huko ghorofani."

"Tunazipaka mafuta Ijumaa."

Siku nyingine hapakuwa na utani. Siku hiyo alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mama mmoja alimkamata mkono katikati ya uchungu, yeye akiwa na deki. "Nilimwangalia tumbo nikajua, Karani. Mtoto kageuza mgongo. Mama alichohitaji ni kugeuzwa alale ubavu tu. Nikafungua mdomo. Nesi akasema, dada wa usafi, ondoa ndoo."

"Ukaondoa?"

"Nikaondoa."

"Leseni itakuja," alisema Karani.

"Itakuja nina mvi."

"Basi utakuwa mkunga mwenye mvi. Hao ndio wazazi wanaowaamini."

Dada yake, ambaye alikuwa na masikio yanayofika hadi kliniki, hakuchelewa kunusa. "Mdogo wangu, huyu anayekupigia saa saba kila siku ya Mungu ni nani?"

"Rafiki."

"Hata shemeji yako alikuwa rafiki. Si unawaona hao watatu wanaogombania rimoti? Ni watoto wa urafiki."

Jumapili walitembea, yeye na Karani, bila pa kwenda, wakisoma vibao vya maduka kama watu waliokuja mjini jana. Karani alikuwa na tabia ya kumshika kiwiko wakivuka barabara na kusahau kukiachia. Hakusema neno lile. Mkunga hakulidai, aliliona limekaa naye mdomoni kama pipi, akasema siku moja litayeyuka.

Halafu ikaja Jumanne moja. Saa saba simu haikulia. Ililia saa kumi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

"Tutakaa kidogo bila kuonana. Wala kupigiana simu."

"Kidogo gani?"

"Sijui. Pengine miezi mitatu."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Una mke."

"Sina."

"Basi sema."

"Siwezi kukueleza, na hata hilo la kwamba siwezi sikupaswa kulisema. Nivumilie."

"Wanaume mkiishiwa na maneno husema nivumilie." Alikuwa amesimama, ndoo ikaviringika mpaka mlangoni. "Mimi navumilia dirisha namba tatu. Navumilia kochi. Navumilia deki. Foleni yangu ya kuvumilia imejaa, Karani, na wewe unataka kuingia mbele."

Nyuma ya Karani mtu alikuwa akigonga mhuri mezani, to, to, to, kwa utulivu wa mtu asiyehusika.

Wiki mbili baadaye alikwenda Baraza kuuliza habari za maombi yake. Mama wa dirisha namba tatu, mwanamke mnene mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alipekua, akasitisha mkono, akampa jicho la huruma. Mtu akipewa huruma dirishani ajue mambo yameharibika.

"Faili lako lilishafika kwa mtathmini. Likakaa mezani kwake siku moja, akalirudisha."

"Lina kasoro?"

"Halina. Limerudishwa tu. Linaanza upya kwa mtathmini mwingine, nyuma ya yaliyopo."

"Nyuma ni lini?"

"Nyuma ni nyuma, mwanangu." Akamgeuzia karatasi ya kurudishia faili, aone mwenyewe kwamba hatungi. Pale chini palikuwa na wino wa zambarau, na saini yenye mkia mrefu kama wa panya anayekimbia.

Mkunga aliiangalia saini ile mpaka mkia ukamzunguka shingo. "Huyu ni nani?"

"Mtathmini wa tatu. Yule mrefu, anayefunga tai kama anajinyonga kwa awamu."

Mfamasia aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, bwana aliyekuja Baraza mara nyingi kuliko nyumbani kwake, alimwinamia sikioni. "Dada, mkono mtupu haulambwi. Huenda alingoja kitu, hukuelewa."

Alipiga simu akiwa kwenye ngazi za nje, watu wakimpita kushoto na kulia.

"Hupaswi kunipigia," ilisema sauti.

"Wewe si karani. Wewe ndiye mtathmini."

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa pili.

"Kwa nini ulininyamazia?"

"Watu wakijua kazi yangu wananichekea meno yote thelathini na mawili. Wewe ulinichekea bila kujua. Nikaogopa kuharibu."

"Faili langu lilikuwa mezani kwako. Siku nzima. Ungelisoma, ungepiga mhuri, au ungeandika kasoro, ningejua moja. Umelirudisha kama suruali isiyokutosha. Ulitaka nini? Kuna kitu nilisahau kukupa?"

"Usiseme hivyo."

"Niambie la kusema, basi."

Alimsikia akivuta pumzi, akaisikia ikirudi tupu. "Siwezi."

"Usinipigie tena. Hata siku ukiweza."

"Sawa," alisema Karani. Na hiyo sawa, laini, bila ubishi hata kidogo, ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Mtu unamfukuza ukitarajia abishe mlangoni.

Miezi ikamenywa mmoja mmoja. Alipiga deki. Alifua mapazia ya wodi. Alisikia watoto wakizaliwa upande wa pili wa ukuta, akawa anahesabu sekunde kati ya kimya na kilio, na kilio kisipokuja upesi, mikono yake ilikuwa ikifumba na kufumbua ndani ya glavu za usafi. Mtathmini mpya aliandika barua: chuo cha mwombaji kilihesabu mafunzo ya wodini kwa wiki, Baraza linahesabu kwa saa, chuo kithibitishe wiki yao ilikuwa na saa ngapi. Akakiandikia chuo. Chuo kikajibu kwamba mhusika yuko likizo. Akasubiri likizo ya mtu asiyemjua iishe.

"Yule wa saa saba kaenda wapi?" dada yake aliuliza siku moja wakikunja nguo.

"Ameishiwa salio."

"La simu?"

"La moyo."

Dada akamwangalia, akamkunjia na nguo zake.

Siku ya kuitwa mbele ya jopo alivaa gauni lile lile la buluu. Kwa viatu, dada alimwazima vyake, vikubwa kidogo, akavijaza karatasi. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu; katikati aliketi mwenyekiti, mama mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine juu ya kichwa, na alikuwa akiitafuta ya tatu.

Walifungua kitabu chake cha uzalishaji. Watoto sitini na mmoja, kila mmoja na mstari wake, kila mstari na saini ya msimamizi. Wakakipitia chote. Wakalinganisha somo kwa somo, saa kwa saa. Barua ya chuo ilikuwa imefika wiki hiyo. Kisha mwenyekiti akakifunga kitabu.

"Mtoto ametoka. Halii. Uko peke yako."

"Naangalia saa," alisema mkunga. "Nina dakika moja. Namkausha kwa nguvu, namsugua mgongo. Natupa taulo lililolowa, namfunika kavu. Akiwa kimya bado, kichwa namweka sawa, si nyuma sana, namwangalia mdomo kama una kitu, naanza kumpa hewa kwa mfuko, taratibu, nikiangalia kifua kama kinapanda." Mikono yake ilikuwa juu ya meza ikifanya yote hayo juu ya mtoto asiyeonekana. "Na muda wote namsemesha mama. Mama akisikia kimya anakufa kabla ya wakati wake."

Wale watatu waliitazama mikono ile mpaka ikatulia.

"Leseni unapewa," alisema mwenyekiti. "Mwaka wa kwanza utafanya kazi chini ya mkunga mwandamizi."

Alikuwa amejiambia siku hiyo ikija atapiga kelele ziitikiwe barabarani. Ilipokuja, alichohisi ni miguu tu, jinsi ilivyokuwa mizito ndani ya viatu vya dada yake.

"Usiinuke. Kuna karatasi mbili." Mwenyekiti alishusha miwani ya juu, akaona haina kazi, akairudisha. "Ya kwanza ni barua isiyo na jina. Inasema mtathmini mmoja wa hapa ameonekana akinywa chai nawe, mara nyingi, na Jumapili anakushika kiwiko. Sasa sikiliza. Miaka miwili iliyopita tulifuta leseni ya kijana mmoja kwa sababu aliyetathmini vyeti vyake alikuwa mkwewe. Vyeti vilikuwa safi. Tulifuta hivyo hivyo, na hajaruhusiwa kuomba tena. Kwa barua hii, leo ningekuwa nakufutia maombi."

Mkunga alikitazama kitabu chake cha uzalishaji.

"Isipokuwa kuna karatasi ya pili, na tarehe yake inaitangulia barua. Mtathmini anayemjua mwombaji anatakiwa kutangaza uhusiano, kulirudisha faili, na asiwasiliane na mwombaji wala kumwambia sababu mpaka uamuzi utoke. Uamuzi umetoka. Kanuni inasema uisome, utie saini."

Fomu ilikuwa ya kawaida, ya kijivu, iliyochapwa ikapinda. *Uhusiano wako na mwombaji, weka alama: ndugu, mkwe, mwajiri au mwajiriwa, jirani, mengineyo (eleza).* Alama ya zambarau ilikuwa kwenye mengineyo. Nafasi ya kuelezea ilitosha mstari mmoja. Maelezo yalikuwa yameijaza, yakapanda pembeni, yakazunguka ukingo wa karatasi:

*Ninampenda. Yeye sijamwambia. Nikimaliza kuandika hapa nitakuwa nimeiambia ofisi kabla yake, jambo ambalo namwomba radhi. Nilikusudia kumwambia Jumapili hii, lakini faili lake limefika Jumatatu.*

Juu ya maneno hayo, kwa wino mweusi, mtu wa masjala alikuwa amepiga mhuri: IMEPOKELEWA.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakusema kwamba kuna ofisi ambako kikohozi kinajaziwa fomu nakala tatu.

Mkunga aliisoma mara ya pili, na ya tatu. Wajumbe wawili wa pembeni walikuwa ghafla na shughuli nyingi kwenye madaftari yao. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari: *Maoni ya mwombaji (kama yapo).* Akaomba kalamu. Akaandika, akatia saini, akasukuma karatasi mezani.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti ya kiofisi. "Aje anieleze kwa mdomo." Akachukua mhuri, akaupulizia, akaugonga. "Nakala moja yako, moja ya faili, moja ya mtangazaji, yaani aliyetangaza uhusiano."

Nakala ya mtangazaji ilitakiwa kwenda kutoka ghorofa ya pili hadi ya tatu. Ilisafiri siku tisa.

Mkunga angeweza kupiga simu. Kila saa saba aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Aliwaza kwamba Karani naye asubiri kidogo, aone foleni ilivyo. Kisha siku ya tisa ikawa ndiyo siku yake ya kwanza kazini, kwenye kliniki ile ile, mlango ule ule, ila sare nyeupe. Nesi wa ndoo alimwona, akatafuta cha kusema, akasema karibu. Asubuhi hiyo akazalisha binti wa kwanza wa leseni yake, mchana pacha waliokataa kukubaliana nani atangulie. Kwenye kila karatasi alitia jina lake, na mbele ya jina namba ya leseni. Kufika saa kumi na moja jioni alikuwa hajakaa tangu alfajiri, na mgongo wake ulikuwa ukimwita kwa majina mabaya.

Kwenye benchi la ukumbini aliketi mwanamume mrefu, tai shingoni, karatasi ya kijivu mkononi. Shati lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma.

Mkunga aliketi kando yake, mzima mzima, kama gunia linalotuliwa. "Nakala imefika?"

"Leo saa nne. Imepigwa mhuri."

"Eleza, basi."

Karani akatoa karatasi nyingine mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Usisome," alisema mkunga.

"Nisiposoma nitakosea."

"Kosea."

Akaikunja tena. Akaangalia ukuta, palipobandikwa picha ya jinsi ya kunawa mikono. "Nakupenda. Tangu uliposema unataka kuhakikisha ni wewe uliyemo. Faili lilipofika nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaona wiki zako za wodini, na nikajua siwezi kuzihesabu. Kila wiki yako ningeiona ina siku kumi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ningeiharibu leseni."

"Nimepiga deki miezi mitatu na nusu kwa ajili ya unyoofu wako, Karani."

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

"Sijasema nimekusamehe."

"Sijauliza hilo. Nauliza jingine."

"Uliza upesi. Macho yanafunga ofisi."

Akaanza, na kama ilivyo desturi ya watu wa mafaili, akaanzia mwanzo: kwamba ana chumba na sebule, dirisha linatazama jua la asubuhi, kwamba kitanda amekipima kwa futi, ni kirefu kuliko kochi lolote, kwamba mama yake ni mpole ila anapenda kujibiwa, kwamba kwa dada wa mkunga anaweza kwenda hata Jumamosi hii, rasmi, na mjomba wake, kama hakuna pingamizi. Alipofika kwenye pingamizi akahisi uzito begani. Kichwa cha mkunga kilikuwa kimetua hapo.

"Umelala?"

"Endelea. Jibu ni ndiyo." Hakufumbua macho. "Ila usinyamaze. Ukisema nalala vizuri."

Akaendelea, polepole, akirudia mengine aliyokwisha kusema. Upande wa pili wa ukumbi akatokea mama mpya wa usafi, akisukuma deki kuja benchini, akasita kuwasumbua. Mkunga, usingizini, akasikia tambara linavyoburuzika sakafuni, akainua miguu yote miwili. Deki ikapita. Akaishusha.